MAMA MONIKA: MAMA NA BIBI ALIYEZIKWA UGENINI



Mwezi uliopita tulimzika mama mmoja mzee wa kanisa letu. Wengi wenu mlikuwepo. Familia imeniruhusu niseme jambo hili bila kutaja majina. Usiku wa kuamkia mazishi, watoto wake wawili walikaa chini ya turubai wakibishana mpaka alfajiri. Mkubwa alitaka mwili urudishwe Kongo, ukalale kando ya kaburi la baba yao. Mdogo alisema pesa hakuna, njia haina usalama, na mama ameishi hapa makazini miaka kumi na minane. Waliniita mimi mchungaji wao niamue. Nilifungua Biblia, nikaomba pamoja nao, lakini nakiri mbele yenu kwamba sikuwa na neno la kuwatosha. Tulimzika hapa. Mkubwa aliondoka makaburini bila kumpa mdogo wake mkono.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria Mama Monika. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulimsoma mwanawe Augustino kwa muhula mzima, kwa sababu ni mwalimu mkubwa wa habari ya neema. Mama yake tulimpitia kwa haraka. Ndugu zetu Wakatoliki humkumbuka kila mwaka tarehe 27 mwezi wa nane, lakini sisi wa makanisa ya Kiprotestanti hatujazoea kumtaja. Nimerudi kukisoma kitabu cha Augustino kiitwacho Maungamo, nikaona kwamba ugomvi wa chini ya turubai lile ulikuwa umekwisha kutokea zamani sana, kando ya kitanda cha mama huyu. Kwa hiyo leo nawasimulia maisha yake.

BINTI WA AFRIKA

Monika alizaliwa Afrika ya Kaskazini karibu na mwaka 331 au 332 baada ya Kristo, katika mji mdogo wa Thagaste. Leo mji huo unaitwa Souk Ahras, nao uko nchi ya Algeria. Wakati ule sehemu hiyo ilitawaliwa na Warumi. Wazazi wake walikuwa Wakristo, lakini aliyemlea hasa alikuwa mtumishi mmoja mzee wa nyumba yao, mwanamke mkali aliyekuwa amembeba hata baba yake Monika mgongoni alipokuwa mtoto. Mzee huyo hakuwaruhusu wasichana kunywa hata maji kati ya chakula na chakula, akisema kwamba anayezoea kunywa ovyo maji leo atakunywa ovyo divai kesho.

Pamoja na malezi hayo, Monika alianguka. Alikuwa akitumwa kuteka divai katika pipa, akaanza kuonja kidogo kwa ncha ya mdomo, kesho kidogo tena, hata akafika kunywa vikombe. Siku moja aligombana na msichana wa kazi, naye akamtupia usoni kwamba yeye ni mlevi. Neno lile lilimchoma. Aliiacha tabia hiyo siku ile ile. Nalitaja jambo hili ili tusimfanye Monika kuwa malaika. Alikuwa binti kama binti zetu.

NDOA NGUMU

Aliozwa kwa mtu aitwaye Patricius, mwenye shamba dogo na mjumbe wa baraza la mji. Hakuwa Mkristo. Alikuwa na moyo wa ukarimu, lakini pia alikuwa na hasira ya moto, wala hakuwa mwaminifu katika ndoa. Mama mkwe naye aliujaza moyo wake maneno ya fitina yaliyoletwa na wasichana wa kazi. Monika hakumjibu kwa maneno. Aliendelea kumtumikia na kumheshimu, mpaka mama mkwe mwenyewe akatambua nani anasema uongo, na wakaishi kwa amani.

Wanawake wa mji walimshangaa. Wengi wao walikuwa na alama za kipigo usoni, hali waume zao walikuwa wapole kuliko Patricius, lakini haikusikika kwamba Monika amepigwa. Yeye aliwaambia wasishindane na mume akiwa katika hasira, wangoje atulie ndipo waseme naye. Hapa, akina mama, nisieleweke vibaya. Simleti Monika ili mtu yeyote avumilie kupigwa. Mume anayempiga mkewe anatenda dhambi, na anayepigwa aje kwa mchungaji, kwa wazee wa kanisa na kwa wakubwa wa makazi. Monika aliishi katika sheria za Warumi zilizompa mume nguvu kubwa nyumbani, naye alitumia hekima iliyokuwepo.

Alimwombea mume wake miaka mingi. Patricius aliamini, akabatizwa mwishoni mwa maisha yake, akafa karibu na mwaka 371. Monika akabaki mjane na watoto: Augustino, aliyezaliwa tarehe 13 Novemba 354, na ndugu yake Navigius, na binti mmoja ambaye Augustino hakuliandika jina lake.

MWANA ALIYEPOTEA

Augustino alikuwa na akili nyingi. Baba na mama walijinyima ili asome. Patricius alipofariki, mjane Monika ndiye aliyeendelea kumlipia masomo katika mji mkubwa wa Karthago, ulio leo katika nchi ya Tunisia, akisaidiwa na tajiri mmoja wa mji wao aitwaye Romanianus. Akina mama mnaouza mboga na maharage ya mgao ili kupata ada ya shule, mnamwelewa.

Lakini mtoto aliyetumwa kusoma alianza kuishi na msichana bila ndoa, na karibu na mwaka 372 wakapata mtoto wa kiume. Walimwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Tena Augustino aliingia katika dini ya Wamani, waliofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, nao waliyadharau maandiko ya Agano la Kale. Alikaa nao karibu miaka tisa, akawavuta na rafiki zake.

Aliporudi Thagaste kuwa mwalimu, mama yake alimkataza asile naye mezani. Ndipo Monika akaota ndoto. Aliona amesimama juu ya ubao mnyofu, analia, na kijana mwenye kung'aa akamwuliza sababu ya machozi. Alipojibu kwamba anamlilia mwanawe anayepotea, aliambiwa atazame vizuri, kwa maana pale alipo yeye mwanawe naye yupo. Akageuka, akamwona Augustino amesimama karibu naye juu ya ubao ule ule. Augustino aliposikia ndoto hiyo alitaka kuigeuza, akasema maana yake ni kwamba mama atamfuata yeye. Monika alimjibu papo hapo kwamba sivyo alivyoambiwa. Hakuambiwa kwamba atakuwa alipo mwana, bali mwana atakuwa alipo mama. Akamkubali tena nyumbani na mezani, akaendelea kuomba.

Alimwendea pia askofu mmoja aliyewahi kulelewa na Wamani, akamsihi azungumze na mwanawe. Askofu alikataa, akaona kijana bado ana kiburi na hatasikia. Monika hakuondoka, alizidi kumlilia. Mwisho askofu alichoka, akamwambia aende zake, kwa kuwa haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Monika alilipokea neno hilo kama sauti iliyotoka mbinguni.

USIKU WA PWANI

Mwaka 383 Augustino aliamua kwenda Roma kutafuta kazi nzuri zaidi. Mama alimshika asiende, au waende wote. Augustino alimdanganya. Alimwambia kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo wa kusafiria, akamshawishi alale katika nyumba ya ibada ya kumbukumbu ya shahidi Sipriano, iliyokuwa karibu na bahari. Monika alikesha humo akimwomba Mungu amzuie mwanawe asisafiri. Usiku huo huo upepo ukavuma, tanga likajaa, na merikebu ikaondoka. Asubuhi mama alifika pwani, akakuta bahari tupu.

Wapendwa, nyumba ngapi hapa makazini zinaijua asubuhi hiyo? Mama anaamka, mkeka wa kijana umekunjwa, simu haipatikani. Baada ya wiki mbili anasikia yuko machimboni, au mjini, au njiani kwenda kuvuka bahari. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Augustino mwenyewe aliandika baadaye kwamba Mungu alikataa ombi la usiku ule ili ampe Monika lile aliloliomba miaka yote. Kama angebaki Karthago, asingefika Milano, na kama asingefika Milano, asingemsikia Askofu Ambrosio.

MGENI KATIKA KANISA LA UGENINI

Monika hakukaa nyumbani kungoja barua. Alivuka bahari kumfuata. Njiani dhoruba ilipiga, na desturi ni mabaharia kuwatia moyo abiria, lakini safari ile Monika ndiye aliyewatia moyo mabaharia. Alimkuta mwanawe Milano mwaka 385. Augustino alikuwa amewaacha Wamani lakini bado hajaamini. Alipomwambia mama yake habari hiyo, Monika hakurukaruka kwa furaha. Alijibu kwa utulivu kwamba anaamini hataondoka duniani kabla hajamwona akiwa Mkristo kamili.

Huko Milano alijifunza kuwa mgeni. Kwao Afrika walizoea kupeleka uji mzito, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipofanya hivyo Milano, mlinzi wa mlango alimzuia, akamwambia askofu amekataza. Monika hakununa wala kusema kwamba kwetu ni bora. Alirudisha kikapu chake, na tangu hapo akaleta maombi, na alichoweza akawapa maskini. Vilevile kwao walifunga siku ya Jumamosi, na Milano hawakufunga. Alimtuma mwanawe amwulize Ambrosio, naye akajibu kwamba yeye akiwa Roma hufunga, akiwa Milano hafungi, na kwamba mtu afuate desturi ya kanisa alilofika. Sisi tuliotoka makanisa mbalimbali tukakutana chini ya bati moja, hatugombani mara ngapi kwa mambo kama hayo?

Mwaka 386 mama wa mfalme, Justina, alitaka kanisa moja la Milano litolewe kwa Waario, waliokataa kwamba Kristo ni sawa na Baba. Waumini waliingia kanisani pamoja na Ambrosio, wakakesha, tayari kufa naye. Monika alikuwa wa mbele katika kukesha huko. Ndipo kanisa la Milano lilipoanza kuimba zaburi na nyimbo kwa pamoja ili watu wasizimie kwa huzuni.

Lakini Milano kuna jambo moja ambalo siwezi kulificha. Monika alitaka Augustino aoe ndoa halali yenye heshima, naye alihangaika sana kumtafutia mchumba. Kwa ajili ya mpango huo, yule mwanamke aliyemzalia Adeodatus alirudishwa Afrika baada ya kuishi na Augustino miaka zaidi ya kumi. Aliondoka akiapa kwamba hatamjua mwanamume mwingine, akamwacha mtoto wake. Jina lake halikuandikwa popote. Mchumba aliyetafutwa alikuwa msichana mdogo aliyepungukiwa karibu miaka miwili kufikia umri wa kuolewa, na ndoa yenyewe haikufanyika. Hata mama mwenye maombi anaweza kumwumiza mtoto wa mwenzake. Tumheshimu Monika, lakini mwanamke yule naye tumkumbuke.

BIBI NA MJUKUU

Mwezi wa nane mwaka 386, katika bustani moja Milano, Augustino alishindwa na neema ya Mungu. Aliingia ndani, akamwambia mama yake. Siku hiyo machozi ya Monika yakawa ya furaha.

Majira hayo ya vuli walikwenda kukaa shambani kwa rafiki, mahali paitwapo Cassiciacum. Alikuwepo Monika, wanawe Augustino na Navigius, mjukuu Adeodatus, binamu wawili, rafiki na wanafunzi. Wao walijadili hekima na furaha ya kweli, na Monika aliwaangalia wote kama watoto wake. Mara moja aliwasukuma waende kula kwa sababu mazungumzo hayakuwa na mwisho. Lakini hakuwa mtu wa jikoni tu. Alipoingia siku moja na kuuliza wamefika wapi, Augustino aliagiza swali lake liandikwe. Monika alishangaa, akauliza kama wamewahi kusoma vitabu ambamo wanawake wanaingizwa katika mazungumzo ya namna hiyo. Mwanawe alimhakikishia kwamba anayapenda mawazo yake.

Katika mazungumzo yaliyoanza siku ya kuzaliwa kwa Augustino, tarehe 13 Novemba, kila mtu aliulizwa ni nani aliye na Mungu. Mmoja alisema ni anayeishi vema. Mwingine akasema ni anayefanya Mungu anayoyataka. Adeodatus, mdogo kuliko wote, alijibu kwamba ni yule asiye na roho mchafu ndani yake. Monika alikubali majibu yote, lakini jibu la mjukuu alilikubali kuliko yote. Nawaza uso wa bibi huyo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye wengine wangemwita jina baya, amekaa mbele ya wasomi anajibu habari za Mungu, na bibi yake anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Usiku wa Pasaka, tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 387, Ambrosio alimbatiza Augustino pamoja na Adeodatus na rafiki yao Alypius. Bibi alimwona mwana na mjukuu wakibatizwa usiku mmoja.

OSTIA

Wakaanza safari ya kurudi Afrika. Walifika Ostia, bandari ya Roma, wakakwama, kwa sababu vita vya kugombea ufalme vilikuwa vimefunga njia ya bahari. Jioni moja mama na mwana walisimama dirishani, wakitazama bustani ya nyumba walimofikia, wakazungumza habari za uzima wa milele mpaka dunia ikawa ndogo machoni pao. Monika alisema hajui tena anafanya nini hapa duniani, kwa maana alilolitaka limekwisha kutimia.

Baada ya siku tano hivi akashikwa na homa. Siku moja alizimia, alipozinduka akauliza alikuwa wapi. Akawaona wanawe wawili wamesimama kando yake, akawaambia watamzika mama yao hapo hapo. Augustino alinyamaza, anazuia machozi. Navigius akasema afadhali mama asife ugenini bali katika nchi yake. Monika alimtazama kwa jicho la kumwonya, akamgeukia Augustino amsikie ndugu yake anavyosema. Kisha akawaambia wote wawili wauzike mwili huo popote, jambo hilo lisiwasumbue. Ombi lake lilikuwa moja tu, wamkumbuke mbele ya madhabahu ya Bwana popote watakapokuwa.

Augustino alishangaa sana. Alijua jinsi mama yake alivyokuwa amehangaikia kaburi lake, na kwamba alikuwa ametayarisha mahali kando ya mume wake Thagaste. Ndipo akasikia kwamba siku chache kabla, rafiki zake walimwuliza Monika kama haogopi kuuacha mwili wake mbali na mji wake. Naye alikuwa amewajibu kwamba hakuna kilicho mbali na Mungu, wala haogopi kwamba mwisho wa dunia Mungu atakosa kujua mahali pa kumfufua.

Alifariki siku ya tisa ya ugonjwa wake, mwaka 387, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Augustino alikuwa katika mwaka wa 33 wa umri wake. Alipokata roho, Adeodatus ndiye aliyepaza sauti akalia, wakubwa wakamnyamazisha. Evodius akachukua Zaburi akaanza kuimba, na nyumba yote ikaitikia. Augustino hakulia makaburini, aliona haya. Usiku, peke yake kitandani, ndipo machozi yalipotoka, na hakuyazuia tena.

BAADA YAKE

Mwaka 388 Augustino alirudi Afrika bila yeye. Adeodatus alikufa muda mfupi baadaye, bado kijana. Augustino akawa askofu wa Hippo, ambao leo ni Annaba, Algeria. Binti ya Monika, alipokuwa mjane, aliongoza jumuiya ya wanawake waliomtumikia Mungu mpaka kufa kwake, na wajukuu wa Monika, binti za ndugu yake Augustino, nao waliingia katika utumishi huo. Augustino alikufa tarehe 28 Agosti 430 wakati Wavandali wameuzingira mji wa Hippo, na mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita. Mwana wa machozi yale alimaliza maisha yake akiwa mchungaji wa wakimbizi.

Monika hakurudi Thagaste kamwe. Mwaka 1430 mabaki yake yalihamishiwa Roma. Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo karibu na kanisa moja la Ostia walikuta kipande cha jiwe la kaburi lake lenye maandishi.

NENO KWETU

Wapendwa, kutamani kuzikwa nyumbani si dhambi. Yakobo aliwaagiza watoto wake, akapelekwa Makpela. Yusufu aliagiza mifupa yake ichukuliwe kutoka Misri. Lakini Musa alizikwa Moabu, wala hakuna ajuaye kaburi lake, na Mungu hakumpoteza. Yule kaka aliyetaka mama arudi Kongo alimpenda mama yake. Yule mdogo aliyesema azikwe hapa naye alimpenda. Navigius na Augustino walikuwa wote wawili kando ya kitanda kimoja, na mama yao hakutaka wagombane kwa ajili ya udongo.

Katika kitabu chote cha Maungamo Augustino anaandika jina la Monika mara moja tu, mwishoni mwa habari za kifo chake, pamoja na jina la Patricius, ili wasomaji wawakumbuke. Hilo ndilo alilomfanyia mama yake ambaye hakuweza kumrudisha nyumbani.

Basi wazee wa kanisa wamekubali tufungue daftari. Tutaandika majina ya akina mama na bibi zetu waliolala hapa makazini, na wale walioachwa njiani na nyumbani bila mazishi, na mahali walipo kama panajulikana. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane tutayasoma majina hayo yote kanisani na kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Mlete majina kwa katibu. Jina la mama tuliyemzika mwezi uliopita nitaliandika la kwanza, na nimewaomba watoto wake wawili waje kulisoma pamoja.

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu